Kata

Kabla ya bomba, maji ya Ihumwa yalilala chini ya mchanga.
Bibi Damari aliamka jogoo bado ana usingizi,
akashuka korongoni na bakuli la bati,
akafukua mpaka kiwiko, mpaka bega,
mpaka mchanga ukatoa jasho.
Alichota kama anayemnywesha mgonjwa:
kata moja, angoja.
Kata ya pili, angoja.
Ndoo ikijaa hakukifukia kisima
kama walivyofanya wenye hofu.
Alikizungushia miiba, ng'ombe wasije wakakivuruga,
akaiacha kata yake ya kibuyu
kifudifudi juu ya jiwe.

"Bibi, wataiiba."
"Ndahani, atakayeiiba ana kiu kunishinda."
Mwaka ule ziliibwa saba, nilihesabu.
Akapanda vibuyu vingine nyuma ya tembe.

Jumapili kipande cha reli kiligongwa,
tukaenda kanisani miguu myeupe kwa vumbi.
Mahubiri yakirefuka alisinzia, wala hakuona haya.
"Mungu anajua nimeamka saa ngapi."

Kisha wakaja wapima ardhi na vigingi vya saruji.
Tembe zikalala, mabati yakasimama.
Shamba la uwele likapewa namba.
Kata nayo ikawa ofisi, ina bendera na mhuri
na benchi la kusubiria saini.
Mtoto wa leo mwambie, "Niletee kata,"
atakuuliza: ya Ihumwa au ya Mtumba?

Treni ya umeme inapita, haina moshi wala salamu,
inapita kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni.
Maji yanakuja kwa kadi.
Gusisha: taa ya kijani, ndoo inaimba.
Gusisha: taa nyekundu, unarudi na ndoo tupu,
ukiitikia "mbukwenyi" kwa nusu sauti.

Mimi nilishangilia. Nilisema kiu imekwisha.
Bibi alikuwa akianua mlenda uliokauka,
hakuinua hata kichwa.
"Haijaisha. Imehamia kwenye kadi."

Tulimzika mwezi wa saba, upepo ukipekua sanda za mawingu.
Umoja wa Mama walikuwa na sare zao, nyeupe na buluu,
na vumbi halikujali rangi.
Udongo ulipokwisha kupangwa
akasimama Hezroni, msimamizi wa kioski cha maji,
daftari mkononi, karatasi zake zimevimba kwa unyevu.
"Nilikatazwa kusema mpaka azikwe," alisema.
"Sasa kazikwa.
Kila mwisho wa mwezi alikuja na hela ya mlenda,
imefungwa kwenye pindo la khanga.
Swali lake lilikuwa moja: nani kapata nyekundu?"

Akasoma.
Mama Sakina, muuza karanga: ndoo arobaini.
Kijana fundi viatu: kumi na mbili.
Mzee Chilongani: thelathini.

Hapo kaburini pakanyamaza.
Chilongani alituhamishia mpaka wa shamba usiku, mwaka wa njaa.
Hatukusalimiana naye miaka kumi na minne.
Nilimtafuta kwa macho: amesimama nyuma ya watu,
kofia kifuani, kidevu kinatetemeka.
Mama Sakina alikaa chini palepale, kwenye udongo mbichi,
akaanza kumsomea dua yake.
Mchungaji akangoja amalize.

Mimi si Mkristo wa kuigwa.
Huingia ibadani zaburi ya pili ikiwa katikati,
na simu yangu hunisumbua kuliko shetani.
Ila mshahara ukiingia napitia kwa Hezroni.
Siulizi sana. Nasema, "Nani?"
Naye analamba kidole, anafungua daftari.

Kata ya mwisho ya Bibi ipo juu ya friji langu, imepasuka ukingo.
Jana mwanangu aliiona, akauliza ni kofia ya nani.
Nikaijaza maji, nikampa anywe.
Yalimvujia mpaka kiwiko, akacheka,
akanywa haraka,
kisha akanyoosha mkono uliolowa:
"Baba, na wewe."